Kutoka kipande hadi SHIF: kwa nini programu yangu ya mishahara imejaa tarehe

Leo naomba niwachoshe kidogo na historia. Mnajua mkate wangu unatoka kwenye programu ya mishahara ninayowauzia wenye maduka na hoteli ndogo hapa Machakos. Swali lao halibadiliki: mbona makato yamebadilika tena?

Kumbukumbu za wafanyakazi nchini hazikuanza na kompyuta. Sheria ya 1915 ilimtaka mwanamume Mwafrika ajiandikishe, na ilipoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akavishwa kipande shingoni, ndani ya kikebe cha chuma: jina lake, alama za vidole, mwajiri, mshahara. Hiyo nayo ilikuwa hifadhidata, ila aliyeibeba ni mfanyakazi. Siku hizi mzigo wa karatasi uko kwa mwajiri, na mimi naona ni haki (wateja wangu wakinuna, wanune).

Haya, turuke hadi 1976. Sheria ya Ajira ya mwaka huo ilimpa mama miezi 2 ya uzazi, kisha ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka! Mwaka 2007 zikapitishwa sheria tano za kazi kwa mpigo. Ile ya ajira ilianza kutumika Juni 2008: mama miezi 3 bila kupoteza likizo, baba wiki 2. Mwenye wafanyakazi wanne huihisi miezi hiyo kuliko benki, lakini sheria haikumtofautisha.

Kizunguzungu chenyewe kilianza 2023. NSSF ilikuwa shilingi 200 kwa mfanyakazi na 200 kwa mwajiri. Sheria mpya ya 2013 ilikuwa imekwama mahakamani hadi Februari 2023, Mahakama ya Rufani ilipoifungulia njia. Kiwango cha juu kikawa 1,080, Februari 2024 kikawa 2,160, na Februari 2025 kikafika 4,320. Mwajiri naye hulipa kiasi hicho hicho.

Ushuru wa nyumba ndio kituko. Ulianza Julai 2023, asilimia 1.5 kila upande. Novemba Mahakama Kuu ikasema unakiuka katiba, Januari 26, 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa kuuacha uendelee, kisha Machi 19 ukarudi na sheria yake mpya. Oktoba mwaka huo NHIF ikaipisha SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara.

Sasa fikiria mama mwenye hoteli, mpishi wake anauliza kwa nini Februari 2024 alipokea zaidi kuliko Machi. Sheria ya 2007 inamtaka mwajiri atunze maelezo ya ajira miaka 5 baada ya mtu kuondoka, na kesi ikifika mahakamani bila mkataba wa maandishi, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha. Ndiyo maana sifuti kiwango cha zamani. Kila kiwango kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na ushuru wa nyumba una safu mbili zenye pengo katikati.