Nyumba na Bahari: Ndoa ya Msichana wa Lamu katika Filamu ya Subira

Atokaye Kililana, upande wa bara, kwenda mji wa Lamu hana budi kupanda chombo, kwani daraja hapana. Kwa watu wa pande hizo bahari ni njia, tena ni riziki, kabla ya kuwa mandhari. Jambo hili lafaa kutangulizwa katika kuieleza filamu ya Subira, ambayo kisa chake ni ndoa yenye mgogoro, na ambayo mtazamaji wa mbali aweza kuyachukulia maji yake kuwa ishara ya uhuru tu.

Mtungaji wake, Ravneet Sippy Chadha, alianza na filamu fupi mwaka 2007, juu ya msichana mdogo wa Lamu atakaye kuishi apendavyo huku mamaye akimtaka afuate mila. Mwaka 2018 kisa hicho kilikuzwa kuwa filamu ndefu. Msichana sasa ni mwari, angali akitamani kuogelea baharini, naye anaozwa Taufiq, mtu wa Nairobi mwenye mali. Filamu ilitengenezwa nje ya makampuni makubwa ya sinema. Hata hivyo Kenya iliiteua mwaka 2019 iiwakilishe katika mashindano ya Oscar. Ndoa haikuwa mada ngeni. Sao Gamba, katika Kolormask (1986), alionyesha taabu za Mkenya aliyerudi kwao na mke wa Kiingereza, na Anne Mungai, katika Saikati (1992), alimwonyesha msichana wa Kimaasai akwepaye kuozwa. Lakini Saikati hukimbilia Nairobi, hali Subira hupelekwa huko. Tofauti hiyo si ndogo.

Jina lenyewe lina uzito. Subira ni sifa, na katika mawaidha ya arusi ni agizo. Kumwita msichana kwa jina hilo ni kumwagiza kila aitwapo. Wasia wa namna hii una historia ndefu Lamu. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858, miaka miwili baada ya kufariki mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, akamwachia bintiye Mwana Hashima mafunzo ya kukaa na mume. Wako wataalamu walioona humo utii mtupu, na wako waliosikia kejeli chini ya maneno. Lililo dhahiri ni kwamba anenaye ni mama; binti husikiliza. Filamu yampa binti zamu yake, na jibu lake ni kutaka kuingia majini.

Hata hivyo liko jambo jingine, na pengine ndilo kubwa zaidi. Katika jamii za waungwana wa mji wa Lamu, baba alimpa binti nyumba aolewapo, au alimjengea orofa juu ya nyumba ya wazee. Bwana arusi ndiye aliyehamia kwa mkewe. Nyumba za ndugu ziliweza hata kuunganishwa kwa wikio, chumba kipitacho juu ya njia, wanawake wakatembeleana bila kushuka chini. Mke aliyeambiwa asubiri aliambiwa hivyo akiwa kwake, mama na dada zake wakiwa ukuta wa pili. Mume mkorofi alikuwa mgeni katika nyumba ile. Subira apelekwapo Nairobi, agizo la kale labaki vile vile, lakini nyumba iliyolifanya livumilike haipo tena. Kuuita mgogoro huu vita vya mila na usasa, kama ilivyo desturi ya wahakiki, ni kukosa shabaha: mila imevunjwa na wale wale wajidaio kuilinda.

Mwaka ule ule wa 2018, tarehe 30 Aprili, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari mpya iliyokuwa ikijengwa Kililana, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Mvuvi aliidai bahari kwa ajili ya riziki yake, na dai hilo lilipimika kwa shilingi. Subira hataki riziki. Ataka kuogelea tu, na ndiyo sababu walio karibu naye hawajui walipime kwa kipimo gani.