Seva Zilizopitisha Barua za Wageni

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtumiaji wa mtandao wa UUCP aliyetaka kutuma barua pepe alilazimika kuiandika njia yote mwenyewe: ihnp4!ucbvax!jina. Ihnp4 ilikuwa kompyuta ya AT&T huko Illinois, na ucbvax ilikuwa ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Barua iliruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa simu, mara nyingi usiku, gharama zikiwa nafuu. Wenye kompyuta hizo hawakumjua mwandishi wala mpokeaji. Walipitisha tu, kama kondakta wa basi aliyekabidhiwa bahasha ya kufikisha Mwanza.

Hapo Berkeley mitandao ilikutana, na kila mmoja ulikuwa na namna yake ya kuandika anwani. Eric Allman alitengeneza programu ya barua ya delivermail mwaka 1979, kisha sendmail, iliyotoka pamoja na 4.2BSD, toleo la Unix la Berkeley, mwaka 1983. Kazi kubwa ya sendmail ilikuwa kuigeuza anwani ya mtandao huu isomeke kwenye mtandao ule. Mwaka 1986 Craig Partridge alieleza jinsi rekodi za MX zinavyoelekeza barua: kikoa kinataja seva inayokipokelea, na nyingine ya akiba endapo ya kwanza imezimika. Taasisi yenye laini ya uhakika iliweza sasa kupokea barua za vikoa vya majirani na kuzihifadhi hadi laini zao zirudi.

Afrika Mashariki iliingia kwenye barua pepe kwa ukarimu huohuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kituo cha mazingira cha ELCI jijini Nairobi kilibadilishana barua kwa simu na GreenNet ya London, ambayo nayo ilizifikisha kwenye intaneti. Bila mpitishaji, barua za wanaharakati wetu zisingefika popote.

Watumaji wa barua taka waliugundua mlango huo wa seva zinazopitisha barua za yeyote. Walikabidhi seva ya mgeni ujumbe mmoja wenye orodha ndefu ya wapokeaji, na seva ikataabika kuwafikishia wote, kwa gharama ya mwenyewe. Mwaka 1997 Paul Vixie alianzisha orodha ya RBL ya kuzuia mitandao iliyosaidia barua taka. Mwaka 1998 sendmail 8.9 ilikuja ikiwa imefungwa: anayetaka kupitishia wengine aandike vikoa vyao katika faili la relay-domains, kila kimoja mstari wake. Asiyekuwamo hujibiwa kwa namba 550, yaani amekataliwa.

John Gilmore wa San Francisco aligoma kuifunga seva yake, toad.com, akisema kupitisha barua ni haki. Mwaka 2001 kampuni ya Verio, iliyompa intaneti, ikamzuia. Namheshimu kwa msimamo wake, ila naamini waliofunga walifanya sawa. Mwenye seva ndogo hakuwa na uwezo wa kubeba mzigo wa matapeli.

Programu ya barua ya Postfix ya Wietse Venema, iliyotolewa mwaka 1998, nayo inataka orodha ya vikoa. Lakini kutaja kikoa pekee hakutoshi. Seva inayopitisha barua za vikoa vingi inahitaji pia kujua anwani halali za kila kikoa. Isipozijua hupokea kila kitu, kisha barua zisizo na mwenyewe huzirudisha kwa anwani ya mtumaji, ambayo matapeli huighushi. Anayeletewa rundo hilo ni mtu ambaye hakuandika hata neno moja.