Simon na Zimwi la Mlimani

Katika riwaya ya Lord of the Flies, aliyoitoa William Golding mwaka 1954, yumo kijana mmoja ambaye wanafunzi wetu humpita upesi mno. Huyo ni Simon. Huzimia mara kwa mara, hushindwa kusema mbele ya baraza, na wenzake humwona si mzima wa akili. Mwanafunzi akiulizwa nani kiongozi kisiwani, atamtaja Ralph au Jack. Akiulizwa nani mwerevu, atamtaja Piggy. Simon huambulia sentensi moja tu: "Alikuwa mwema." Naona jibu hilo linamwonea.

Golding alikuwa mwalimu kama sisi. Baada ya kutumika katika jeshi la wanamaji la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, alirudi kufundisha wavulana mjini Salisbury. Wachapishaji kadhaa waliukataa mswada wake, hata Charles Monteith wa Faber alipoutetea. Katika mswada huo Simon alikaribia kuwa mtume mwenye kutokewa na nguvu za mbinguni. Monteith akashauri mambo hayo yapunguzwe. Kwa maoni yangu, ushauri huo ulikiokoa kitabu. Simon aliyebaki hana muujiza wowote. Wenzake wanapoliogopa zimwi la mlimani, yeye hupanda kulitazama. Hukuta maiti ya askari aliyeanguka kutoka katika vita vya watu wazima, amenaswa na kamba za parashuti, upepo ukimwinua na kumlaza. Huzifungua kamba, huteremka na habari. Nao, wakicheza gizani kwenye tufani, humuua wakidhani ndiye zimwi.

Hapa Busia hayo hayahitaji maelezo marefu. Mji wetu ni mmoja, nchi ni mbili. Hadi mwaka 1902 upande huu wa Kenya nao ulihesabiwa kuwa Uganda. Waingereza walipousogeza mpaka, Wateso wakabaki huku na kule Tororo. Februari 1976, Idi Amin alipodai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, uvumi ulivuka mpaka upesi kuliko watu. Ng'ambo kukawa na zimwi.

Bibi yangu mzaa mama alivuka siku hizo kwenda matangani Tororo. Aliporudi alisema aliowakuta ni watu, tena wasio na sukari wala chumvi. Hakuuawa, ashukuriwe Mungu. Lakini kwa miezi kadhaa majirani hawakuja kwake hata kuomba moto. Walisema ametumwa.

Niliposimulia hayo darasani, msichana mmoja aliuliza kwa nini Simon hakungoja kupambazuke, maana mchana wangemtambua. Mwenzake akamjibu kwamba watoto wadogo wangelala na hofu usiku mwingine. Tuliifungua tena sura ya tisa, tukaisoma polepole.