Ukomazaji: jina la alumini iliyopitishwa kilele

Katika karakana za Uwanja wa Ndege wa Wilson, kando ya Barabara ya Lang'ata jijini Nairobi, mafundi huhudumia ndege ndogo zinazokwenda Maasai Mara, na nyingine zinazorudi kutoka Lamu na Ukunda zikiwa zimepigwa na upepo wa bahari. Alumini haishiki kutu kama chuma, lakini chumvi na unyevu huila, ndiyo maana balaa hilo huitwa ulikaji. Ulikaji wa kuogopwa zaidi si ule unaochubua rangi. Ni ule unaopenya kwenye mipaka ya fuwele za metali, ukisaidiwa na mkazo uliomo ndani ya kipande, mpaka ufa utokee bila dalili. Kinga mojawapo dhidi yake hutiwa kiwandani kwa joto, na jina linaloifaa kwa Kiswahili, kwa maoni yangu, ni ukomazaji.

Kazi yenyewe ina historia. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm aligundua kwamba aloi ya alumini yenye shaba na magnesi, ikipashwa moto sana na kupozwa ghafla, huendelea kuwa ngumu yenyewe kwa siku kadhaa. Aloi ya 7075, ambayo hutegemea zaidi zinki na magnesi, hupashwa hadi karibu nyuzi 470 za Selsiasi ili viungo hivyo viyeyuke ndani ya alumini ingali yabisi, kisha hupozwa ghafla. Ikiwekwa tena kwenye nyuzi 120 kwa muda wa saa 24, vijichembe huchipuka ndani yake na kuzuia tabaka za atomi zisiteleze. Hapo nguvu hufika kileleni, na hali hiyo huandikwa T6. Lakini kiwanda kinaweza kuendelea, kikaongeza awamu ya pili kwenye nyuzi zaidi ya 160 kwa siku nzima au zaidi. Vijichembe hunenepa na kuachana, hata vile vya mipakani, na ulikaji hukosa njia moja iliyonyooka ya kupita. Hii ndiyo T73: nguvu hupungua kwa takriban asilimia 10 hadi 15, lakini ukinzani dhidi ya nyufa huongezeka mno.

Kiingereza huita hatua hizi kwa jina la uzee, na mfasiri wa haraka ataandika "kuzeesha". Tatizo ni kwamba ndege iliyozeeka ni ile iliyochoka kwa safari nyingi, jambo ambalo fundi hulikagua kila siku. Neno moja litabeba sifa na kasoro kwa pamoja. "Kugumisha" nalo halitoshi, kwani kipande ambacho hakijafika kileleni na kilichokwisha kupita kilele vinaweza kuwa na ugumu sawa. Kinachovitenganisha ni upitishaji wa umeme: 7075 ya T6 hupitisha takriban asilimia 33 ya kiwango cha shaba, ilhali T73 hutakiwa kufika 38 au zaidi. Istilahi sahihi lazima ionyeshe mwendo, si ugumu tu. Mahindi yaliyokomaa yamepitia hatua na yamekuwa magumu, na maana zote mbili zimo katika kitenzi kimoja. Basi T6 ni ukomavu wa kilele, na T73 ni ukomavu uliopitilizwa.

Atatokea wa kusema kwamba miongozo ya ndege ni ya Kiingereza na lazima ifuatwe neno kwa neno. Ni kweli, na alama T73 haibadiliki. Istilahi inafafanua alama hiyo, haichukui nafasi yake. Mwingine atauliza kwa nini mtu apunguze nguvu za kipande ilhali rangi ipo. Rangi huchubuka, na tundu la ribiti huacha metali wazi, wala mkazo wa ndani haupakwi rangi. Faida ya neno itaonekana kazini. Anayejua kwamba ukomavu ulipitilizwa kwa makusudi hataona T73 kuwa dhaifu na kuweka T6 mahali pake, wala hatanyoosha kipande kwa moto wa gesi, maana moto huo ungevuruga kazi iliyofanywa na tanuri la kiwanda.