Mikeka ya mpira inayozuia shehena kuteleza, na kazi yake katika njia kuu za mizigo

Lori linalobeba vifurushi vya shaba kutoka Kolwezi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hupita mpaka wa Kasumbalesa, huvuka Zambia hadi Nakonde na Tunduma, kisha hushuka mteremko wa Kitonga mkoani Iringa kabla ya kuifikia bandari ya Dar es Salaam. Katika safari yote hiyo usalama wa dereva, wa utingo wake na wa wanaotumia barabara hutegemea jambo lisiloandikwa katika hati yoyote ya forodha: iwapo shehena itabaki mahali ilipowekwa.

Miongoni mwa vifaa vinavyosaidia jambo hilo, kilicho rahisi kuliko vyote ni mkeka wa mpira wa kuzuia kuteleza. Hutandikwa kati ya sakafu na mzigo, au kati ya safu moja ya mizigo na nyingine. Upo unaouzwa kwa vipande vidogo vya kuwekwa chini ya chaga, upo unaokatwa kutoka kwenye mviringo mrefu, na upo wa vigae vyenye meno pembeni, ambavyo hupachikana kimoja na kingine hadi vikafunika sakafu nzima. Neno mkeka lisimpoteze msomaji. Mkeka wa ukili tunaoujua majumbani huteleza wenyewe juu ya saruji iliyosuguliwa. Huu wa mpira umetengenezwa kwa kusudi lililo kinyume.

Uzito peke yake hauzuii kitu

Imani iliyoenea katika yadi za malori ni kwamba mzigo mzito hauhitaji kufungwa, kwa kuwa hakuna wa kuusogeza. Imani hiyo ina kasoro moja kubwa. Lori linapofunga breki, mzigo hutaka kuendelea na mwendo uliokuwa nao, na nguvu inayousukuma mbele hukua sawasawa na uzito wake. Mzigo wa tani 20 hugandamiza sakafu mara 10 zaidi ya mzigo wa tani 2, lakini pia husukumwa mbele mara 10 zaidi. Uzito unajifuta wenyewe katika hesabu. Kinachobaki ni msuguano, yaani namna nyuso mbili zinavyoshikana.

Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, Shirika la Kazi Duniani, ILO, na Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, UNECE, yaliidhinisha kwa pamoja muongozo wa namna ya kupakia na kufunga mizigo katika makontena na magari. Muongozo huo si sheria yenye kulazimisha, ila ndio unaorejelewa zaidi katika fani hii. Kwa usafiri wa barabara unamtaka mpakiaji ajiandae kwa nguvu ya kusonga mbele iliyo sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 kwa pande za kushoto, kulia na nyuma.

Dhidi ya asilimia hizo huwekwa msuguano. Chaga ya mbao juu ya sakafu ya plaiwudi hupewa kadirio la 0.45, maana yake ni kwamba inaweza kupinga nguvu ya hadi asilimia 45 ya uzito wake kabla ya kuanza kuteleza. Chaga ya plastiki juu ya plaiwudi hiyohiyo hupewa 0.2. Kreti la chuma juu ya bati laini la chuma, 0.2 vilevile. Mkeka wa mpira hupewa 0.6. Hizo ni hesabu za sakafu safi na kavu. Kiwango cha Ulaya kinataka sakafu isiyofagiwa ihesabiwe kuwa na 0.2 tu, na penye mafuta au grisi muongozo wa 2014 unashuka hadi 0.1. Kwa maneno mengine, ufagio ni kifaa cha usalama, ingawa ni nadra kuuona ukitajwa katika orodha za vifaa vya lori.

Mikanda kumi au miwili

Tuchukue mfano wa hesabu. Mzigo wa chuma wenye uzito wa tani 2 umewekwa juu ya sakafu ya bati laini, bila kuegemea ukuta wa mbele wa tela. Breki kali itausukuma kwa nguvu ya tani 1.6. Msuguano wa 0.2 utapinga tani 0.4. Tani 1.2 zinazobaki lazima zishikwe na mikanda.

Mkanda unaopita juu ya mzigo hauvuti mzigo nyuma. Kazi yake ni kuugandamiza chini ili msuguano uongezeke. Mkanda mmoja uliokazwa kwa nguvu ya kilo 300 kila upande huongeza mgandamizo wa takriban kilo 600, lakini kinachosaidia ni sehemu tu ya mgandamizo huo: asilimia 20 yake, yaani kilo 120. Ili kufidia tani 1.2 itahitajika mikanda 10. Ukitandika mkeka wa 0.6 chini ya mzigo uleule, msuguano unapinga tani 1.2 tangu mwanzo, zinabaki tani 0.4, na kila mkanda sasa huchangia kilo 360. Mikanda miwili inatosha. Ni hesabu ya karatasini, kabla ya kuongeza akiba ya usalama na kabla ya kuzingatia kwamba mkanda uliolala mshazari hugandamiza kidogo kuliko uliosimama wima. Hata hivyo tofauti iliyopo haihitaji ufafanuzi zaidi. Hakuna dereva anayefunga mikanda 10 kwenye mzigo mmoja wa tani 2, na hapo ndipo hatari inapoanzia: shehena inaondoka ikiwa imefungwa kwa macho, haikufungwa kwa hesabu.

Vifurushi vya shaba ni mfano ulio wazi wa tatizo hili. Ni vizito, ni vifupi, vina nyuso za chuma, na vingi havifikii ukuta wa mbele kwa sababu uzito wake hulazimu visambazwe juu ya ekseli zote. Nafasi iliyoachwa mbele yake ndiyo njia ambayo vitateleza kuelekea kwenye kichwa cha lori.

Shehena inayotembea bila breki

Si lazima breki ifungwe kwa nguvu ndipo mzigo uhame. Lori likipita juu ya rasta, matuta au barabara ya changarawe, sakafu hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde. Kila inaposhuka, mzigo huwa mwepesi kwa muda mfupi mno, na msuguano hupungua nao. Katika nukta hizo mzigo husogea kidogo, pengine kwa upana wa ukucha. Baada ya kilomita mia kadhaa, kifurushi kilichoanza katikati ya tela hukutwa kimeegemea pembeni, na mikanda iliyokuwa imekazwa inaning'inia.

Mpira hupunguza mwendo huo kwa njia mbili. Kwanza hubonyea chini ya mzigo na kuingia katika mikwaruzo na vishimo vya uso wa juu yake. Pili humeza sehemu ya mtikisiko, hivyo mzigo hauruki kama unavyoruka juu ya bati tupu. Vinundu na mifereji iliyochongwa juu ya mkeka vina kazi yake pia: vumbi, chembe za mchanga na maji huingia katika mifereji, na vichwa vya vinundu hubaki vikigusana na mzigo. Mkeka ulio laini kabisa hushika vizuri ukiwa mpya na mkavu, lakini ukishapata vumbi jembamba la barabarani huanza kuteleza.

Meno ya kupachikana ni suala jingine. Hayaongezi msuguano. Faida yake ni kwamba vigae havihami kila kimoja kivyake, wala haviachi mwanya ambamo mguu wa mtungi au ukingo wa pipa ungezama na kugusa chuma. Ndiyo maana vigae vya aina hii hufaa zaidi kwa vitu vingi vidogo: mitungi ya gesi, mapipa, vipuri, masanduku ya zana, bidhaa katika magari madogo ya kusambaza dukani na katika maghala. Kwa mzigo mkubwa mmoja, vipande vichache vilivyowekwa mahali uzito unapokaa vinatosha, na gharama hupungua.

Mizani ya pili

Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki mzigo uliohama una adhabu yake hata pasipotokea ajali. Sheria ya Jumuiya ya Udhibiti wa Uzito wa Magari, iliyopitishwa mwaka 2013, inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori na shehena yake, na pamoja na kikomo hicho inaweka uzito usiopaswa kupitwa kwa kila ekseli au kundi la ekseli. Lori linaweza kupita mizani ya kwanza bila kasoro, kisha shehena ikateleza mbele, na mizani inayofuata ikaonyesha kwamba kundi moja la ekseli limezidi, ilhali hakuna hata kilo moja iliyoongezwa njiani. Mwenye lori atalalamika kuwa mizani ni mbovu. Wakati mwingine anaweza kuwa na haki. Lakini kabla ya kuilaumu mizani ni vyema afungue turubai na kutazama.

Kwenye Ushoroba wa Kaskazini, unaotoka Mombasa kupitia Nairobi na Malaba hadi Kampala na kuendelea Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, sehemu kubwa ya mizigo husafiri katika makontena. Kontena limepitia bahari kabla ya barabara, na baharini hatari hubadilika upande: meli huyumba, na katika bahari zenye mawimbi makubwa zaidi muongozo wa 2014 unahesabu nguvu ya pembeni ya hadi asilimia 80 ya uzito wa mzigo. Kilichohama ndani hakionekani kutoka nje. Anayekigundua ni kuli au mlinzi wa ghala anayefungua mlango, nacho kikawa kimeegemea mlango huohuo. Kwa sababu hiyo mlango wa kontena hufunguliwa bawa moja kwanza, polepole, na mfunguaji akisimama nyuma ya bawa hilo.

Magunia yana tabia yake. Gunia la katani au la juti lina uso wenye manyoya na hushikana na mwenzake. Mfuko uliofumwa kwa plastiki, ambao sasa hubeba nafaka, sukari na saruji nyingi, huteleza kwa urahisi zaidi. Kupanga mifuko kwa kupishana kama matofali ya ukuta husaidia, na karatasi ngumu au mkeka mwembamba kati ya safu husaidia zaidi.

Mahali mkeka usipofaa

Mkeka hauondoi haja ya kufunga. Kwa pembeni, msuguano wa 0.6 ni mkubwa kuliko asilimia 50 inayotarajiwa, na wapo wanaohitimisha kwamba mikanda haihitajiki tena. Hitimisho hilo husahau mtikisiko: mzigo unaoruka hauna msuguano wowote, hata ukiwa juu ya mpira ulio bora.

Kuna hatari nyingine isiyotajwa sana. Kitu kirefu chenye kitako chembamba, kama mtungi wa gesi au mashine iliyosimama, kikizuiwa kuteleza hakitulii, huanguka. Mkeka humshika miguu tu. Vitu vya namna hiyo hufungwa juu ya nusu ya kimo chake, au hulazwa pale inaporuhusiwa.

Makosa ya utandikaji ni mengi, na lililo kubwa ni kutandika nusu. Chaga ikikaa kwa upande mmoja juu ya mpira na kwa upande mwingine juu ya chuma, upande wa chuma hauna ulinzi wowote. Uzito wote lazima ukae juu ya mkeka, na mkeka uwe mnene kiasi kwamba, hata ukibonyea, mzigo haugusi sakafu. Mizigo iliyopangwa kwa safu huhitaji mkeka katika kila safu, kwa sababu kuishika safu ya chini hakuizuii ya juu kuondoka.

Ununuzi na uchakavu

Mikeka mingi ya kazi hii hutengenezwa kwa chembe za mpira uliosagwa, ukiwemo wa matairi makuukuu, zilizogandishwa kwa gundi ya poliuritheni. Afrika Mashariki haina uhaba wa matairi yaliyochakaa, na mafundi wake wamekuwa wakiyageuza katambuga, au akala kwa Wakenya, kwa miaka mingi. Hata hivyo kipande cha tairi kilichokatwa kwa kisu si mbadala kamili. Kina mpindo, hivyo hugusa mzigo kwa sehemu chache, na hakuna aliyepima msuguano wake. Mkeka uliotengenezwa kwa kazi hii huuzwa na cheti kinachotaja kadirio lake, na mnunuzi ana haki ya kukidai.

Mkeka unaofaa kuendelea kutumika haujapasuka, haujaachia chembe, haujalowa mafuta, na vinundu vyake bado vinahisika kwa kiganja. Ulioingia grisi huoshwa kwa sabuni na kuanikwa. Ukibaki na utelezi baada ya hapo, haurudishwi kwenye tela. Wengi huuhamishia mlangoni kwa ajili ya kufutia miguu, na huko hauna madhara.