Kuzimia, kupoteza fahamu na mshituko: tusiyachanganye

Wapendwa, mtu akianguka kanisani, sokoni au kando ya barabara, wengi wetu tunasema tu "amezimia". Lakini mganga atauliza zaidi. Ndugu zetu waliopokelewa Norway nao wanaulizwa kwa lugha nyingine wanapopiga 113, namba ya dharura ya huko. Tumepanga hapa maneno makuu.

Kuzimia. Wa pwani husema kuzirai. Kifaransa ni s'évanouir, Kiingereza faint, Kinorwe besvime. Damu inapungua kichwani kwa muda mfupi, kwa sababu ya njaa, joto, kusimama sana au hofu. Mlaze chali, inua miguu yake, legeza nguo. Kwa kawaida anaamka haraka. Wanaofunga chakula na kukesha katika maombi wajue jambo hili.

Kupoteza fahamu. Kifaransa ni perdre connaissance, maana ileile. Kiingereza husema unconscious. Kinorwe ni bevisstløs: bevisst ni mwenye fahamu, løs ni pasipo. Mtu haitiki ukimwita wala ukimgusa. Akiwa anapumua, mlaze kwa ubavu ili matapishi yasimzibe. Usimnyweshe kitu, hata maji. Mpeleke hospitali upesi. Hali hiyo ikiwa nzito na ya muda mrefu, lugha zote hizi husema koma.

Mshituko. Hapa ndipo tunapokosea. Kifaransa choc, Kiingereza shock na Kinorwe sjokk yana maana mbili. Ya kwanza ni ya moyo: habari mbaya, mlio wa bomu. Ya pili ni ya mwili: damu haifiki vizuri katika viungo, kwa sababu ya kutoka damu nyingi, kuungua, au kuharisha kama kwa kipindupindu, kilichoua maelfu ya wakimbizi hapa Goma mwaka 1994. Ngozi ni baridi na ina jasho, mapigo ni ya haraka na dhaifu, midomo imepauka. Mtu huyo anaweza bado kusema nawe, kumbe anakufa. Bana jeraha kwa nguvu, mlaze, mfunike kwa kitenge, mkimbize kwa waganga. Ukimwambia muuguzi "ana mshituko", eleza ni upi.

Kuna neno moja ambalo wataalamu wa volkano duniani wamelichukua kwetu: mazuku. Ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini upande wa magharibi wa mji, karibu na ziwa. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hukusanyika mabondeni na mashimoni, hasa usiku na asubuhi kukiwa hakuna upepo. Haionekani. Anayeingia anaweza kupoteza fahamu mara moja, na anayeinama kumwokoa huanguka juu yake. Usiingie kwa pupa. Ita watu, na watoto wafundishwe mahali pa kuepuka.

Wengine wetu, wakiona mtu ameanguka, huanza kwanza kukemea pepo. Tuombe, ndiyo, lakini mikono ifanye kazi tukiomba. Msamaria wa Luka 10 alifunga majeraha, akampandisha yule mtu juu ya mnyama wake na kumfikisha penye huduma. Kila kanisa lichague watu wawili au watatu, wajifunze huduma ya kwanza kwa Msalaba Mwekundu au kituo cha afya kilicho karibu, nao wawafundishe wengine.

Bwana awalinde.