Sifuri ya Mwisho: Historia Fupi ya Maandishi ya Tofauti Inayoruhusiwa katika Michoro ya Kihandisi

Hakuna fundi awezaye kuchonga kifaa kikalingana kabisa na kipimo kilichoandikwa. Kwa sababu hiyo, mchoro wa kihandisi hubeba maelezo ya tofauti inayoruhusiwa, yaani kiasi ambacho kipimo halisi kinaweza kuzidi au kupungua bila kifaa kukataliwa. Makala hii inafuatilia safari ya maelezo hayo kutoka karakana za karne ya 19 hadi programu za kompyuta. Hoja yake ni kwamba mpangilio wa maandishi katika mchoro ni sehemu ya maana, si pambo.

Hapo awali, vipande vya mashine vilipigwa tupa kimoja baada ya kingine hadi viingiane, na jambo lisiloandikwa liliamuliwa kwa mazungumzo karakanani. Mwaka 1841, Joseph Whitworth alipendekeza nchini Uingereza nyuzi za skrubu zenye pembe moja ya digrii 55, ili nati ya kiwanda kimoja ikubali skrubu ya kiwanda kingine. Kadiri vipuri vya kubadilishana vilivyoenea, mtengenezaji alikuwa mbali na mchoraji, na mchoro ukalazimika kujieleza wenyewe.

Hata hivyo, haukujieleza vizuri kila mara. Kitovu cha tundu kilipopewa vipimo viwili, kila kimoja na kiasi chake cha kuzidi na kupungua, eneo lililoruhusiwa lilikuwa mraba. Stanley Parker, wa kiwanda cha kifalme cha topido huko Alexandria, Uskoti, alitambua katika miaka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwamba utaratibu huo ulikataa vipande vinavyofaa. Ikiwa umbali wa kitovu hadi pembe ya mraba unakubalika, basi umbali huohuo unapaswa kukubalika kila upande, na umbo lake ni duara. Duara hilo ni kubwa kuliko mraba kwa takriban asilimia 57. Fikra za aina hiyo ziliingia katika viwango, kikiwemo kile cha Marekani cha Y14.5 cha mwaka 1957, na polepole alama zikachukua nafasi ya sentensi.

Programu ya AutoCAD ilipotoka mwaka 1982, kalamu ilihamia kwenye kompyuta. Mchoraji huandika %%p ili ipatikane alama ya ±, na kikomo cha juu hupangwa juu ya kile cha chini kwa herufi ndogo. Hatari ya utaratibu huu mpya inaonekana katika jambo dogo. Katika michoro mingi ya inchi, kisanduku cha maelezo huagiza tofauti kwa idadi ya tarakimu baada ya nukta: kwa mfano, tarakimu mbili ni ±0.01, na tatu ni ±0.005. Katika mchoro wa namna hiyo, 1.50 na 1.500 ni namba moja kihesabu lakini ni amri mbili kwa fundi. Programu ikiwa imewekwa ifiche sifuri za mwisho, zote mbili husomeka 1.5, na amri ya mhandisi hupotea bila mtu yeyote kufuta neno.

Historia hii inawahusu pia wapangaji wa istilahi za Kiswahili. Mtafsiri akiandika “uvumilivu” kwa sababu tu Kiingereza hutumia neno moja kwa maana zote mbili, anataja sifa ya mtu mahali palipohitaji mpaka wa kipimo. Lakini hata istilahi sahihi haitoshi. Mwongozo wa uchoraji kwa Kiswahili unapaswa kueleza pia kama desimali hutengwa kwa nukta au kwa mkato, lini sifuri ya mwisho hubaki, na kikomo kipi huandikwa juu. Kazi hiyo inawahitaji wanaistilahi wakae meza moja na wachoraji na mafundi, kwa kuwa fundi hukata chuma kwa kufuata kile kilichoandikwa.